Hesabu Iliyomalizika Ijumaa

Fundi alikuja kuchukua vitu vyake Jumamosi, saa tano asubuhi, na hakuja peke yake. Alikuja na mama yake.

Daktari aliwaona kupitia kioo cha mlango wa maabara. Tangu alfajiri alikuwa amejipangia la kusema. Angemkalisha Fundi kwenye kiti, angemshika mikono yote miwili, angemweleza kila kitu bila kuficha. Katika mpango huo wote mama wa mtu hakuwemo. Sasa angelitamkaje jambo zito namna ile mbele ya mwanamke ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akimkagua kama nyanya za sokoni?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alisimama katikati ya chumba, mkoba ameubana kwapani, akazungusha macho: meza mbili, kompyuta nne, hadubini iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki, kiyoyozi kikikoroma ukutani. "Ndiyo hapa? Miaka mitatu mwanangu hali, halali, kwa ajili ya hapa? Mimi nilidhani pana maana."

"Mama," Fundi alisema taratibu.

"Nimesema nini? Nimeuliza tu."

Fundi hakumtazama Daktari. Aliweka maboksi mawili matupu juu ya meza yake akaanza kuyakunjua midomo. Alikuwa amekonda. Shati la bluu, ambalo Daktari mwenyewe alimnunulia, lilimpwaya mabegani, na ndevu alikuwa ameziacha ziote zitakavyo. Na jinsi mtu huyu alivyokuwa mtanashati! Wasichana wa uhasibu walikuwa wakipanda ghorofa mbili kuja kumuuliza saa, na simu zao wanazo mkononi.

"Umekunywa chai?" Daktari aliuliza. Maneno yote yale aliyojipangia, na likatoka hilo.

"Nimekunywa."

"Hajanywa," mama alisema.

Tuseme ukweli, mama huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alimpenda mwanamke aliyeoana na kompyuta. Hata cheo cha mkwe mtarajiwa kilimsumbua. "Daktari gani huyu," alipata kumuuliza mwanawe, "namwambia mgongo unaniuma, yeye ananiambia pole?" Fundi alicheka siku mbili. Akamweleza kwamba mwenzake ni daktari wa hesabu, anayefundisha kompyuta kukisia jinsi vitu vitakavyokwenda kabla havijatengenezwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni mambo ya waganga na yeye hataki waganga kwenye ukoo.

Fundi na Daktari walikutana kwenye kazi moja. Walikuwa wakitengeneza kihisi cha pumzi kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao: chipu ndogo kuliko punje ya mchele, ya kubandikwa kifuani, yenye ulimi mwembamba wa silikoni unaotikisika kila mtoto anapovuta hewa. Pumzi ikikatika, ulimi unatulia, kengele inamlilia muuguzi. Fundi ndiye aliyeuchora ulimi ule, mstari kwa mstari, na kwa ustadi wa mikono yake maabara nzima ikamwita Fundi hadi jina lake likasahaulika. Daktari ndiye aliyeukokotoa. Kompyuta yake ilipaswa kuutikisa ulimi wa kwenye mchoro kwa kila mwendo, wa polepole na wa haraka, na kusema kama utastahimili. Kiwanda kikishapokea mchoro, hakuna kurudi nyuma.

Chipu mia mbili zilirudi kutoka kiwandani baada ya miezi mitatu. Ziliwekwa kwenye mashine ya majaribio, na ndimi zote mia mbili zikavunjika siku hiyo hiyo.

Mbele ya kamati Fundi alisimama akasema, "Mchoro ni wangu. Kuna mahali mkono wangu uliteleza." Hakuna aliyemlazimisha. Mradi ukafungwa, mkataba wake haukuongezwa, na kwa wiki tisa alikuwa akiutafuta mstari uliomponyoka. Hakuuona. Sasa mjomba wake alikuwa amempa kazi ya kusimamia ghala la vigae katika mji mwingine, safari ya siku nzima.

"Gari la mjomba liko nje," alisema huku akitia kikombe chake kwenye boksi. "Tunaondoka saa saba."

"Leo hii hii?"

"Leo."

"Vigae, Fundi? Wewe na vigae wapi na wapi?"

Alitabasamu kidogo, tabasamu la kumridhisha mgonjwa. "Vigae ni mraba, Dakta. Hata mimi siwezi kukosea."

Moyo wa Daktari ulikuwa unamwambia sema, sema sasa, na mdomo ukawa umegoma kabisa.

Mama, asiyeweza kukaa bure mahali penye kazi, alikuwa ameshaanza kupanga karatasi zilizokuwa chini ya meza. Aliinua bunda moja zito, akalipuliza vumbi. "Na haya makaratasi yaliyojaa wekundu?"

"Michoro ya chipu, mama. Nilikuwa naweka alama kila ninapopatilia shaka. Ni ya kutupa."

"Yote? Na huu mwandiko mwingine ni wa nani? Wewe hujawahi kuandika vizuri hivi tangu uzaliwe."

"Wa Dakta." Na hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Fundi aliinua macho akamtazama mpenzi wake. Lo, yale macho! Laiti yangekuwa na hasira angeyavumilia. Yalikuwa yamejaa shukrani tupu. "Alikuwa ananisaidia kutafuta. Akitoka kazini anakuja kwangu, anakaa sakafuni na kalamu yake nyekundu, tunapitia karatasi moja moja. Wengine wote walinikimbia, mama. Wengine hata simu zangu hawapokei. Huyu alikaa. Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kumsema, ukumbuke hilo."

Mama aliangalia karatasi, akamwangalia msichana. Alikohoa. Ilionekana neno linampa taabu kutoka.

"Kwa hilo," alisema, "ahsante."

Daktari aliketi. Hakuchagua kuketi, kiti kilikuwa nyuma yake, bahati nzuri.

"Usizitupe," alisema.

"Nini?"

"Hizo karatasi. Usizitupe. Hamna kosa humo."

"Dakta, tumeshaongea haya. Kosa lipo, mimi tu sina macho ya kuliona. Acha niende nikapumzike."

"Fundi, nisikilize. Hamna kosa humo kwa sababu kosa ni langu."

Kiyoyozi kilikoroma. Mama alibaki na bunda lake mikononi. Fundi alicheka kicheko kifupi, cha mtu anayebembelezwa. "Unataka kunibebea mzigo. Nakujua wewe."

"Sikubebei kitu. Njoo uone."

Alijikaza, akawasha skrini. Alikosea neno la siri mara mbili. Kisha grafu ikatokea: mstari uliokwenda vizuri kama uso wa meza, halafu ghafla, kwenye mwendo mmoja ambao ulimi haustahimili, ukapanda juu kama msumari, ukashuka tena.

Fundi aliinama. Taratibu, bila kujijua, alivuta kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega, kama walivyokaa miaka mitatu. Daktari alisikia harufu ya sabuni yake, akatamani dunia isimame hapo hapo.

"Huu ni ulimi wangu?"

"Ulimi wako."

"Mbona kwenye hesabu tuliyopeleka kiwandani huu mlima haukuwepo?"

"Kwa sababu hesabu tuliyopeleka niliipunguza. Ilitakiwa nipime kila baada ya hatua mbili. Nilipima kila baada ya hamsini."

"Hamsini!"

"Hamsini."

"Mnazungumza lugha gani?" mama aliuliza.

Daktari alimgeukia. Alijua akimweleza mama hatakuwa na pa kujificha tena. "Ni kama nimetumwa kukagua barabara yote, mama, hatua kwa hatua. Mimi nikawa naruka. Shimo lilikuwa pale nilipopita juu, sikuliona. Nikamwambia Fundi barabara ni nzima, naye akapitisha watu."

Lakini Fundi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekodolea macho ule msumari, na uso wake ulikuwa ukibadilika, mikunjo ikifunguka mmoja mmoja. Alinyanyua mikono yake, akaitazama, viganja na mgongo.

"Mama," alisema, na sauti ikamkatika. "Mama, mchoro ulikuwa sawa! Nilichora nilichoambiwa kitastahimili. Ningejua kuna mlima hapa ningeunenepesha ulimi unywele mmoja tu. Kazi ya mchana mmoja! Sikukosea, mama. Mkono wangu haukuteleza."

Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, na mama akamwekea mkono kichwani kama mtoto wa shule. Daktari naye alijikuta akicheka huku machozi yakimtiririka. Kwa muda mfupi, kama dakika moja hivi, aliamini wameokoka. Amesema. Limekwisha. Mwanaume wake amerudi, angalieni anavyocheka!

"Lakini kwa nini uliruka?" Fundi aliuliza akijifuta macho. Hakuuliza kwa ukali. "Wewe? Wewe unayepima hata sukari ya chai?"

"Unakumbuka hesabu ile ilivyokuwa ikikwama? Kila baada ya saa chache inasimama, lazima mtu awepo airudishe njiani. Kiwanda kilitaka mchoro Jumatatu. Kuimaliza yote ilinibidi nikae hapa Jumamosi na Jumapili. Na Jumamosi ile..." Alimtazama mama, kisha akainamisha kichwa. "Jumamosi ile ndiyo niliyotakiwa kuja kwenu."

Mama aliweka bunda la karatasi mezani, polepole.

"Nilishakosa mara mbili," Daktari aliendelea. "Mara zote mbili ni kwa ajili ya hesabu. Wewe mwenyewe uliniambia mama amesema nisipokuja na mara hiyo usimpelekee tena habari zangu. Nikaogopa. Nikasema mchoro wa Fundi haujawahi kuwa na tatizo, nikiupima kwa hatua kubwa haitadhuru. Hesabu ikaisha Ijumaa alasiri. Nikaenda kusuka."

Wote watatu waliikumbuka siku hiyo: alivyofika mapema, nywele zimesukwa, zawadi mkononi, na Fundi aliyekuwa akitabasamu tangu getini hadi mezani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Ilikuwa kwa ajili yangu," Fundi alisema kwa upole. Alimshika mkono. "Dakta, mjinga wee. Ungeniambia tu. Tungemwomba mama atusogezee siku."

"Nilijua utasema hivyo."

"Sasa kumbe..." Macho yake yalirudi kwenye skrini. Alikuwa fundi, na fundi hatazami kitu mara moja. Alitazama mlima, akatazama namba za pembeni, akatazama chini kabisa, kwenye kona, pale kompyuta inapoandika siku ambayo hesabu imekamilika.

Daktari aliuona mkono wa Fundi ukilegea ndani ya wake kabla hajaelewa ni kwa nini.

"Hii umeifanya lini?"

Angeweza kudanganya. Tarehe ile angeweza kuipatia maelezo kumi, na Fundi asingekuwa na la kubisha, maana upande huo wa kazi haukuwa wake. Lakini nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwishia.

"Wiki ile ile chipu ziliporudi."

"Kabla ya kamati?"

"Siku moja kabla."

"Siku moja kabla." Alilirudia kwa sauti isiyo na kitu. "Yaani niliposimama pale mbele ya watu nikasema mkono wangu umeteleza, wewe ulikuwa umekaa kiti cha tatu, na ulishajua."

"Nilitaka kunyanyuka. Haki ya Mungu nilitaka. Nikaona nikisema watanifukuza, na mama yako atasema si nilijua. Halafu wewe ukawa umeshasema. Nikajiambia kesho nitamweleza peke yake. Kesho ikafika nikashindwa. Na kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu, Fundi, kila siku."

"Na kalamu?"

Alijua anauliza nini. Alifunika uso kwa viganja.

"Nakuuliza. Kalamu nyekundu. Jioni zote zile umekaa kwenye sakafu yangu. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikutaka uwe peke yako."

"Ulikuwa unatafuta nini, Dakta?"

"Sikuwa natafuta kitu," alisema, na akalia kwa kwikwi, kilio kibaya, cha mtu aliyekizuia wiki tisa.

Fundi alisimama. Alikwenda hadi kwenye meza, akalifungua lile bunda, akapekua. "Hapa umeandika, *angalia tena upana huu*. Niliuangalia siku tatu. Hapa umeandika, *huenda ni hapa*. Nilikupigia simu kwa furaha, unakumbuka? Ukaniambia nisikate tamaa." Aliirudisha karatasi mahali pake, akazinyoosha kingo vizuri. "Nilianza kuogopa mikono yangu. Nilikuwa siwezi hata kumimina maji kwenye glasi bila kuangalia mara mbili. Nawe ukiniona."

"Nisamehe."

"La hesabu nimeshakusamehe. Lile nililisamehe kabla hujamaliza kulisema."

"Nimeandika barua kwa Mkuu wa maabara. Hii hapa." Alivuta droo kwa pupa, akamnyooshea bahasha. "Nimeeleza yote. Jina lako litasafishwa, watakurudisha kazini."

Fundi alitoa karatasi, akasoma mstari wa juu tu. "Tarehe hii ni ya wiki ya pili."

"Ndiyo."

"Imekaa droo hiyo wiki saba."

Mama alisogea akasimama katikati yao.

"Basi," alisema. "Inatosha. Mwanangu, huyu mtoto nilimtisha mimi. Mimi ndiye niliyesema mara ya tatu ni mwisho. Ningekuwa na subira ya wiki moja tu haya yote yasingekuwepo."

"Mama, hili halikuhusu."

"Linanihusu! Wewe unadhani mimi sijawahi kuogopa wakwe? Mtu akiogopa anafanya ya ajabu. Amekosa, amelia, amesema mwenyewe, hakushikwa. Mwambie neno zuri." Akamgeukia Daktari, akamfuta shavu kwa upindo wa mtandio wake. "Nyamaza, binti yangu. Nyamaza. Safari itangoja. Kesho uje nyumbani, tukae, tuongee kama watu."

"Mama," Fundi alisema, "tangulia kwenye gari."

"Siendi popote."

"Nakuomba, mama."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho mama alikitambua, labda alikisikia zamani kwa baba wa mtoto huyu. Alichukua boksi dogo, akambana Daktari begani kwa mkono mmoja, akatoka akiburuta miguu.

Wakabaki wawili. Fundi aliiweka barua kwenye meza ya Daktari, katikati kabisa, palipo wazi. "Utaipeleka mwenyewe Jumatatu. Mimi sitaibeba." Kisha akalitia bunda la michoro ndani ya boksi. "Hii nayo naichukua. Ni kazi nzuri."

"Unakwenda kwenye vigae hata sasa?"

"Nakwenda. Huko watu hawanijui."

"Bado unanipenda?" Aliuliza kwa sauti ndogo, hata akajionea aibu.

Fundi alivuta utepe uliokuwa mezani. Hakuwa mtu wa kujibu haraka haraka.

"Nakupenda," alisema. "Ingekuwa sikupendi ningekutukana nikaenda zangu, ningekuwa nimeshafika mbali." Aliziba boksi kwa utepe, akaupitisha kidole mpaka ukalala sawasawa. "Lakini leo hii ukiniambia nje kunanyesha, nitakwenda dirishani niangalie kwanza. Na ndivyo tungeishi, Dakta. Wewe unaniambia, mimi nakwenda dirishani. Ukiniambia watoto wamelala, nakwenda kuwaangalia. Ningekuchosha. Ningejichosha."

"Nitavumilia. Niangalie utakavyo, nitavumilia."

"Mimi siwezi."

Daktari alitaka kumkumbatia. Alinyanyua mikono, akaona jinsi Fundi alivyokaza mabega, akaishusha. Nje honi ya gari la mjomba ililia mara moja, kwa adabu.

Fundi alilibeba boksi kubwa, akalikumbatia kifuani, akaelekea mlangoni, akasimama. Alikuwa hana mkono wa kushika kitasa. Daktari alimsubiri kidogo, akidhani huenda atalitua. Hakulitua. Basi akapita mbele yake, akamfungulia mlango.